UZI: Mtoto akishikwa na homa baada ya chanjo, nani alitakiwa kumwambia mama kabla?

Sista_wa_Visiwani (Amu)

Assalaam alaykum nyote. Uzi huu ni mrefu, naomba subira.

Wiki iliyopita kuna sauti imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Lamu. Mama analia, anasema mwanawe alichanjwa asubuhi, usiku akashikwa na degedege, na alipokwenda kuuliza aliambiwa, "Hiyo si chanjo, nenda nyumbani." Habari za mama yule na mwanawe ni zao, sitazigusa. Lakini jibu lile alilopewa limeninyima usingizi, kwa sababu nalijua. Mimi mwenyewe nimewahi kulitoa.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 14 sasa nafanya kazi visiwani. Mwaka wangu wa pili nilikuwa kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Siku ya kliniki ilikuwa moja tu kwa wiki, kwa kuwa chanjo zilikuja kwa boti ndani ya sanduku la barafu, na boti haimsubiri mtu maji yakianza kupwa. Barazani akina mama zaidi ya 30. Akaja binti mmoja na mtoto wake wa kwanza, wiki 6. Nikamdunga paja hili, nikamdunga paja lile, nikamtia matone mdomoni, nikaandika tarehe kwenye kitabu cha kliniki, nikamwambia "rudi wiki ya 10", nikaita anayefuata. Sidhani ilifika dakika nne. Juu ya usiku uliokuwa unamngoja sikumwambia hata neno moja.

Usiku mtoto akawaka moto. Akalia kilio kile kirefu ambacho titi halikinyamazishi. Paja likavimba, likawa gumu. Bibi yake akasema, "Mwana huyu hadungwi tena." Wakamsomea, wakampepea, kulipokucha mtoto akapoa, kama wengi wanavyopoa. Wiki ya 10 hawakuja. Wiki ya 14 hawakuja. Miezi 9, ya surua, hawakuja.

Nilikutana na yule binti gatini karibu miaka miwili baadaye. Hakunigombeza. Alisema, "Sista, ungeniambia tu." Mtoto alikuwa ametoka kuugua surua, amekonda, na jicho lake moja limeingia ukungu ambao hautaondoka.

Tangu siku ile kuna maneno siyaachi, hata boti ikipiga honi. Nayaandika hapa kama ninavyoyasema barazani.

Chanjo ya wiki 6, 10 na 14, ile ya pentavalenti, yaani ya magonjwa matano kwa sindano moja, ina sehemu ya kifaduro inayouchemsha mwili. Hadi nusu ya watoto hupata homa, usiku ule au siku ya pili, na kwa kawaida ndani ya siku mbili imekwisha. Paja huvimba na kuuma. Mnyonyeshe sana, mvue nguo nzito, na dawa ya homa mpe kwa kipimo cha uzito wake ambacho nitakuandikia, si kwa kukadiria na kijiko cha chai. Paja usilikande kwa maji moto wala usilichue. Akilia zaidi ya saa tatu bila kunyamaza, akilegea kama kitambaa, akikataa titi, akipumua kwa shida, akishikwa na degedege, au homa ikipita siku mbili, njoo. Njoo hata kama ni usiku, na uje na kitabu.

BCG ya mkononi, ile ya kifua kikuu anayopewa akizaliwa, haifanyi chochote siku ya kwanza. Wiki kadhaa baadaye kinatoka kiuvimbe, kinageuka kidonda, kinatoa maji, kinakauka na kuacha kovu. Nimeona mama amekibandika dawa ya meno, mwingine majivu. Aliyeambiwa mapema hashtuki wala hatii kitu.

Surua na rubela ya miezi 9 ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu homa yake haiji usiku ule. Huja kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati mama keshasahau kama kuna chanjo.

Sasa neno lenyewe. Sisi wauguzi tumesomeshwa kwa Kiingereza, na tukikaa mbele ya mama, neno linalotutoka ni "madhara". "Mama, chanjo hii ina madhara madogo." Hebu lisikie kwa sikio la mama wa hapa kwetu. Madhara ni ndugu wa kudhuru. Anayedhuru ni hasidi, ni mtu aliyekukusudia ubaya. Umemwambia mama kwamba unakaribia kumdhuru mwanawe, ila kidogo. Wenzetu wa Tanzania husema "maudhi madogo madogo", na kwa homa na uvimbe wa paja nalipenda neno hilo, kwa kuwa maudhi hukera yakapita. Lakini mtoto aliyelazwa huwezi kuyaita yaliyompata maudhi. Hapo utakuwa unamficha mama. Kwa hiyo nimeacha kuhangaika na jina. Nasema kitakachoonekana: usiku wa leo huenda mwili ukachemka, paja hili litakuwa gumu hapa, nigusie nikuoneshe. Mama akikiona anakitambua.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye kisa akilete.

Binti_Shela

Waalaykum salaam sista. Umeandika na mimi moyo umeniruka. Mwanangu ana miezi 9, alidungwa ya surua Jumatatu ya juzi, leo ni siku ya 8. Tangu jana jioni ana moto na leo asubuhi nimeona vipele vyembamba kifuani. Mama mkwe anasema chanjo imemtia surua. Nifanye nini?

Sista_wa_Visiwani

Dadangu, pole. Nijibu kwanza haya: ananyonya? Anacheka ukimchezesha? Anapumua vizuri, kifua hakibonyei? Macho mekundu, kikohozi kikali? Na amepimwa malaria?

Siku ya 8 ni siku yake hasa. Watoto kama 5 hadi 15 katika kila 100 hupata homa kipindi hicho, na wachache wao hutoka vipele vyepesi vya siku mbili tatu. Virusi vilivyomo kwenye chanjo hiyo ni hai lakini vimedhoofishwa, mwili unajifunza navyo, na mtoto haambukizi wenzake. Mama mkwe hakukosea kuunganisha mambo mawili. Kakosea tu kudhani ni surua yenyewe.

Lakini sikiliza, hili nalisema kwa mkazo: tarehe peke yake isikutulize. Homa ya Pwani inaweza kuwa malaria hata kama inaangukia siku ya 8. Mpeleke leo apimwe. Na mwambie muuguzi tarehe ya chanjo, aiandike.

Nahodha_Kusi

Sista, naheshimu kazi yako, lakini nitasema ninaloamini. 2021 tulipangwa foleni tukadungwa AstraZeneca, ile ya korona, tukaambiwa ni salama kabisa. Wiki haijaisha tukasikia Denmark wamesimamisha kwa sababu ya damu kuganda. Sasa salama kabisa ilikuwa nini? Ndiyo maana watu wakisikia sauti ya WhatsApp wanaiamini kuliko nyinyi.

Sista_wa_Visiwani

Nahodha, hapo nipo nawe. "Salama kabisa" halikuwa jibu la kweli, na mtu aliyekwambia hivyo alikukosea.

Kenya ilianza kudunga chanjo hiyo mapema Machi 2021. Siku chache baadaye Denmark na nchi nyingine zikasimamisha. Tarehe 7 Aprili taasisi ya dawa ya Ulaya ikatamka wazi: damu kuganda pamoja na chembe za kugandisha damu kupungua kunaweza kusababishwa na chanjo hiyo, ni nadra sana, na mara nyingi ni ndani ya wiki mbili baada ya kudungwa. Kwa hiyo lilikuwapo. Halikuwa uvumi.

Sasa jiulize lilijulikanaje. Daktari mmoja hospitalini kwake aliona mgonjwa kijana na damu iliyoganda mahali pasipo kawaida. Akajaza fomu. Wa nchi nyingine akajaza yake. Fomu zilipokutana ndipo sura ikaonekana. Majaribio ya mwanzo yalikuwa na watu maelfu, na jambo linalompata mtu mmoja katika laki huwezi kulitegemea lionekane kwa watu maelfu. Hilo si la chanjo tu, ni la dawa zote, hata ile ya kichwa unayonunua dukani.

Kuna kisa kingine nakipenda zaidi kwa sababu kinagusa matone tunayowapa watoto wetu. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu chanjo ya kwanza ya kuharisha kunakoletwa na kirusi cha rota, RotaShield. Ndani ya mwaka mmoja ripoti zikaanza kuingia: mtoto amechanjwa, siku chache baadaye utumbo umejiingiza ndani yake mwenyewe kama mkono wa kanzu ulivyopinduliwa. Ripoti 15 tu zilitosha kuwafanya waseme simamisheni kwanza tuangalie. Wakaangalia, wakakuta hatari ipo, kama mtoto mmoja katika kila 10,000 hivi, na chanjo ikaondolewa sokoni Oktoba 1999. Chanjo za rota zilizofuata zilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 60,000 kila moja, kwa makusudi, ili jambo la nadra kama lile lisipite bila kuonekana. Kenya ilianza kutoa ya rota Julai 2014. Kila nikimwinua mtoto kidevu kumtia yale matone nakumbuka kwamba kuna wazazi wasionijua walisema "mwanangu hayuko sawa" na kuna mtu aliandika.

Mimi nataka Lamu nasi tuwe watu wa kuandikwa.

Bi_Mkubwa_Langoni

Wanangu, mimi ni mtu mzima, mjukuu ndiye anayeniandikia. Zamani mwana akishikwa na dege twalimfunika kanga nyeusi, twamfukiza. Twalisema ni ndege anapita juu ya nyumba. Sasa nauliza, hilo dege la chanjo ni lipi? Na afanywe nini?

Sista_wa_Visiwani

Shikamoo bi mkubwa. Asante kwa kuuliza, wengi wanaogopa kuuliza hilo.

Ni degedege lile lile. Ubongo wa mtoto mdogo ukipandishiwa joto ghafla, huweza kutikisika. Malaria hufanya hivyo, homa ya masikio hufanya hivyo, na homa ya chanjo pia huweza, ingawa ni nadra: kwa surua ni kama mtoto mmoja katika dozi 3,000. Linatisha kulitazama kuliko kitu chochote, nami bado miguu hunilegea nikiliona, lakini lile la homa kwa kawaida hukoma lenyewe ndani ya dakika chache na mtoto hukua vizuri.

Mlaze ubavu, pahali pasipo na kitu cha kumwumiza. Kinywani usitie kijiko wala kidole. Usimfunike na usimfukize, kwa kuwa moshi unambana pumzi na kanga inaongeza joto. Likipoa, na hata lisipopoa, njooni hospitali, kwa sababu lazima tujue ni homa ya nini. Kumsomea, bi mkubwa, msomeeni njiani, hakuna anayekatazwa.

Mwalimu_Malindi

Sista, nipo Malindi, nafundisha shule ya msingi. Walikuja kuwachanja wasichana wa miaka 10 ile ya saratani ya mlango wa kizazi. Mmoja akaanguka kwenye foleni, kabla hata hajafikiwa. Dakika 10 wakawa sita. Wengine wanatetemeka, wengine wanasema hawaoni. Wazazi wakajaa langoni, kuna waliokuja na pikipiki. Chanjo ilisimamishwa siku hiyo na mpaka leo hakuna aliyerudi kutueleza ilikuwa nini. Mimi ndiye ninayeulizwa na wazazi na sina la kusema.

Sista_wa_Visiwani

Mwalimu, asante sana kwa hilo la "kabla hata hajafikiwa". Hicho ndicho kitu cha kwanza mchunguzi angekiuliza.

Sindano huogopwa. Hofu hushusha presha, mtu akaanguka. Akianguka mbele ya wenzake waliosimama na njaa juani, hofu inahama. Wasichana hawajifanyi, naomba wazazi wasiwaambie hivyo. Kizunguzungu ni cha kweli na kutetemeka ni kwa kweli. Ila hakikutoka kwenye kichupa. Mwaka 2014 kule Colombia, mji wa El Carmen de Bolívar, wasichana wengi walizimia na kufa ganzi baada ya chanjo hiyo hiyo, picha zikasambaa mitandaoni na kwenye televisheni, na idadi ya wanaochanjwa nchi nzima ikaporomoka. Uchunguzi haukukuta kasoro kwenye chanjo, lakini jibu lilikuja wakati watu wameshajijibu.

Kwetu ilizinduliwa Mombasa Oktoba 2019, na bado naona makosa yale yale. Watoto wanapangwa foleni wanaona sindano ya mwenzao. Wachanjeni wamekaa, pembeni, wakiwa wamekula, kisha wakae kivulini dakika 15. Mwezi wa Ramadhani msipange, wakati nusu ya darasa wamefunga. Na yule wa kwanza akianguka, mtoeni pale taratibu bila makelele, walimu msikimbie.

Kuhusu kurudi kueleza: walitakiwa warudi. Hata kama jibu ni "tunachunguza". Wazazi wakikuuliza waambie uliyoyaona kwa macho yako, kwamba wa kwanza hakuwa amedungwa. Hilo lina uzito kuliko la kwangu.

Mhudumu_Hindi

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Hindi, Lamu bara. Nauliza swali ambalo vikaoni mwetu halisemwi: mtoto akifa baada ya chanjo je? Hilo ndilo linalozungumzwa nyumbani, si homa.

Sista_wa_Visiwani

Umeuliza lililo moyoni mwa kila mtu, kaka au dada, samahani sijui nikuiteje.

Nitaanza na hesabu ambayo si tamu. Kwa utafiti wa taifa wa 2022, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 32 hawafiki mwaka. Nimonia, kuhara, matatizo ya kuzaliwa, malaria. Na ndani ya mwaka huo huo mtoto anachanjwa akizaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9. Kwa hiyo kuna watoto ambao siku yao itaangukia kesho yake ya kliniki bila chanjo kuwa na mkono. Jahazi likitia nanga na mvua ikanyesha, hatusemi jahazi limeleta mvua. Lakini huwezi kumwambia hivyo mama aliyetoka makaburini, na pia huwezi kujua hivyo bila kuchunguza. Ndiyo maana "hiyo si chanjo, nenda nyumbani" ni uongo hata pale ambapo kweli haikuwa chanjo: aliyesema hakuwa amechunguza.

Wachunguzi wakija hutazama mambo ambayo ukiyajua huogopi tena kuwaona. Je, mtoto alikuwa mgonjwa kabla? Watoto wengine waliodungwa kutoka kichupa kile wako hali gani? Wa toleo lile lile, yaani chanjo zilizotengenezwa pamoja, katika zahanati nyingine? Friji ilikuwa nyuzi ngapi? Kichupa kilifunguliwa saa ngapi, kilichanganywa na nini?

Kwa sababu mara nyingine chanjo ni nzuri na mkono ndio mbaya. Mei 2017 jirani zetu wa Sudan Kusini, upande wa Kapoeta, watoto 15 walikufa katika kampeni ya surua. Uchunguzi ulikuta sindano moja imetumika kwa watoto wote kwa siku nne, na chanjo haikuwa kwenye baridi. Vijidudu viliingia humo vikazaana. Mwaka 2018 katika visiwa vya Samoa watoto wachanga wawili walikufa dakika chache baada ya kudungwa. Unga wa chanjo ya surua ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli ya chumba cha upasuaji, tena iliyopitwa na muda, badala ya maji yake. Wauguzi wawili walikiri mahakamani. Serikali ikasimamisha chanjo ile kwa miezi, watu wakaikimbia, na mwishoni mwa 2019 surua ikaingia. Ikaua watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano, katika nchi ndogo ya visiwa kama sisi, yenye watu kama laki mbili tu.

Wawili, kisha 83. Nikishika kichupa cha surua nawakumbuka wote.

Na kichupa chenyewe nitakuonesha, mkija kliniki ombeni mkione. Kwenye lebo au kifuniko kuna duara la zambarau na ndani yake mraba mweupe. Joto likikipata, mraba hukoza kidogo kidogo, na haurudi nyuma. Mraba ukifikia rangi ya duara, kichupa hakidungwi mtu. Kile cha surua kikishachanganywa kina saa 6 tu, kisha hutupwa hata kama dozi za watoto watano zimebaki ndani. Mama ukiambiwa "njoo kesho, sifungui kingine kwa mtoto mmoja" udhia ni wako wewe uliyekodi boti, nakubali, lakini ukiona muuguzi anatumia cha surua kilichofunguliwa jana, hapo ondoka na mtoto wako na useme.

Upande mwingine, pentavalenti huharibiwa na kugandishwa. Sisi wa visiwani huogopa jua kiasi kwamba hujaza barafu tupu kwenye sanduku, chanjo inaganda njiani. Tuitoe barafu nje kwanza mpaka isikike maji yakicheza ndani, ndipo ipakiwe.

Nahodha_Kusi

Mimi ndiye ninayebeba hayo masanduku mara nyingine. Hilo la barafu sikuwahi kuambiwa. Huwa nayaweka chini ya tandiko, jua lisiyapate. Sasa nauliza, hiyo fomu unayoitaja inakwenda wapi? Na kwa nini hatujasikia hata siku moja imerudi na jibu?

Sista_wa_Visiwani

Chini ya tandiko ni pahali pazuri, nahodha, endelea. Ila mbali na injini.

Fomu: muuguzi anaandika mtoto, chanjo, namba ya toleo, saa, kilichoonekana. Likiwa zito, yaani kifo, kulazwa, kulemaa au maisha kuwa hatarini, halingoji mwisho wa mwezi. Linapigiwa simu siku ile ile. Linapanda kwenye kaunti ndogo, kaunti, hadi Nairobi, Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ina mfumo wa kuripoti kwa mtandao, na hata mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuripoti mwenyewe bila kupitia kwetu. Wataalamu hukaa kuamua kama chanjo ilisababisha au la. Tangu 2010 Kenya imo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia dawa, na taarifa huunganishwa na za dunia kwenye kituo kilichoko Uppsala, Sweden. Mtoto wa kisiwa chetu cha Pate anaweza kukutana kwenye kompyuta moja na mtoto wa Peru aliyepata jambo lile lile.

Kupanda, inapanda. Kushuka ndiko kugumu, na hapa nasema kwa uchungu. Nimejaza fomu ya mtoto aliyepata jipu pajani. Nikaahidi mama nitamletea jibu. Ofisi niliyoitegemea ilikaa kimya, nikapiga simu mara tatu. Mwisho nilimwendea yule mama nyumbani mikono mitupu nikamwambia, "Sijajibiwa, lakini sijakusahau." Akanipa chai. Mtoto wake alimaliza chanjo zote. Nimefikiri sana kwa nini, na naamini ni ile safari ya kwenda kwake, kwa kuwa jibu sikuwa nalo.

Na wenzangu wauguzi mnaosoma kimya: najua kwa nini hamjazi. Mnaogopa mtaulizwa "ulifanya nini". Nami niliogopa. Kituo kisicho na ripoti hata moja mwaka mzima hakimaanishi watoto wake hawapati homa. Wakubwa wetu wanaopongeza daftari tupu nao walione hilo.

Mwalimu_Malindi

Niongeze moja ya kwetu kaunti ya Kilifi. Mpwa wangu alikuwa kwenye utafiti wa chanjo ya malaria, ile iliyofanywa na watu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, huko Kilifi. Tulikuwa tunafuatwa nyumbani, akikohoa tu wanataka kujua. Wazee walikuwa wanasema wanatafuta nini kwa mtoto?

Sista_wa_Visiwani

Walikuwa wanatafuta hasa wasichokitaka. Utafiti ule wa chanjo hiyo, RTS,S, ulikuwa na watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, na Kilifi ikiwemo. Chanjo ilipunguza malaria, lakini hesabu zilionesha homa ya uti wa mgongo na malaria ya kichwa zimejitokeza zaidi kwa waliochanjwa, na wasichana wamekufa zaidi. Huenda ni bahati ya namba, huenda siyo. Hawakulificha. Lilichapishwa, na chanjo haikusambazwa. Mwaka 2019 ikaanza kutolewa kwa mpango maalumu Malawi, Ghana na hapa Kenya, upande wa magharibi, huku wakihesabu vitu vile vitatu. Baada ya watoto zaidi ya 800,000 kupata walau dozi moja, vyote vitatu havikuonekana kuhusiana na chanjo, ndipo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Mwambie mpwa wako kile kikohozi chake kimo ndani ya hesabu hiyo.

Binti_Shela

Sista, nimerudi. Juzi nilikwenda, wamempima malaria, hana. Muuguzi alikuwa kijana, nilimwambia "ni siku ya 8 tangu surua" akanitazama, akavuta kiti akaniuliza yote uliyouliza wewe. Homa imeshuka jana. Leo siku ya 10 vipele vimefifia, amekula uji wote na amemvuta paka mkia. Mama mkwe amekaa naye, hajasema neno. Ila amenisikia nikisoma hapa kwa sauti.

Je niandike wapi? Kitabu cha kliniki kina nafasi?

Sista_wa_Visiwani

Alhamdulillahi. Fungua ukurasa wa chanjo, pembeni ya tarehe ya surua, andika kwa mkono wako: siku ya 7 jioni homa, siku ya 8 vipele kifuani, malaria hakuna, siku ya 10 amepoa. Miezi 18 akirudi kwa dozi ya pili mwoneshe muuguzi kabla hajashika sindano.

Na msomee mama mkwe ulichoandika.